Mwezi una ngapi? Siku tano kwenye njia ya Robert Smalls

Tarehe 11 Mei, Charleston

Baba yangu ana swali moja kwa kila anayesafiri, hata anayekwenda Dodoma kwa basi: mwezi una ngapi? Alishika usukani wa majahazi ya Pangani, Pemba na Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwake safari isiyojua umri wa mwezi ni sawa na kutoka nyumbani bila nguo. Leo jioni nilipompigia kumwambia nimefika Charleston, South Carolina, baada ya karibu saa tano za barabara, aliitikia marahaba, kisha likafuata swali.

"Kesho mpevu, Baba."

"Basi bamvua, maji makubwa. Angalia maji, usiangalie majumba."

Nimekuja kufuata usiku mmoja, ule wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kusini yaliyojitenga dhidi ya serikali ya Kaskazini, vilikuwa vimetimiza mwaka na mwezi. Katika bandari hii Robert Smalls, kijana wa miaka 23, mtumwa, aliichukua meli ya kijeshi ya mabwana wake, akapita chini ya mizinga yao na kuifikisha kwa manowari za Kaskazini, familia yake ikiwa ndani. Kabla ya kuondoka nyumbani niliigeuza tarehe ile kwa kalenda ya Hijria. Iliangukia Mfungo Pili 1278, mwezi kumi na tatu, kumi na nne. Nikaketi. Miaka yote niliyokisoma kisa hiki nilikipiga picha kikiwa gizani, kumbe kilikuwa chini ya mbalamwezi.

Nimepata chumba karibu na mtaa wa East Bay. Kabla ya kulala nilitembea hadi Chalmers Street, lilipo jengo la soko la watumwa lililofunguliwa 1859 na sasa ni makumbusho. Lilikuwa limefungwa. Nilisimama mbele ya lango lake nikiwaza kwamba nami nimetoka Pangani, na vyombo vya kwetu navyo vilibeba watu waliofungwa kamba shingoni. Ujuzi wa maji na pepo ambao Baba anajivunia, na mimi najivunia kupitia kwake, uliwahi kuwatumikia wauzaji. Nimeona niliandike hili siku ya kwanza, nisije nikajifanya mgeni wa habari hii.

Tarehe 12 Mei, Charleston na Fort Sumter

Asubuhi nilikwenda sokoni. Akina mama wamepanga vikapu vya nyasi, wameketi wanasuka na mikono haisimami. Huanzia katikati ya kitako wakizungusha na kushona. Mama mmoja aliniona nakodolea macho vidole vyake, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Afrika, pwani ya mashariki, akanipa kigoda. Hakuniuzia kitu. Tulikaa tu, nikamweleza kuhusu ukili na shupatu, naye akanionyesha namna anavyoshona kwa jani la mti wa jamii ya mnazi. Watu wake ni Wagullah, wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga na pamba ya visiwa hivi.

Mchana nilipanda boti ya Fort Sumter pale Liberty Square. Karibu na gati hilo ndipo ilipokuwa Gadsden's Wharf, walikoshushwa maelfu kwa maelfu ya Waafrika, na sasa pamesimama Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Weusi yaliyofunguliwa Juni 2023. Boti inachukua kama nusu saa. Nilikaa omo, mbele kabisa ya boti, makusudi, kupima njia kwa macho.

Bandari hii imekaa kama mfuko. Mito miwili, Ashley na Cooper, inaukumbatia mji na kukutana mbele yake, kisha maji yote yanatafuta mlango mmoja wa kutokea. Mlangoni pale, juu ya kisiwa kilichojengwa kwa mawe, ndipo ilipo ngome ya Sumter. Kulia kwako unapotoka kuna Kisiwa cha James na ngome ya Johnson, na mbele zaidi Kisiwa cha Morris. Mwaka 1862 kila mahali hapo palikuwa na mizinga ya Kusini, na nje ya mlango zimetanda manowari za Kaskazini zikizuia meli kuingia na kutoka. Anayetaka kutoka hana kichochoro. Atapita mbele ya kila mtu.

Robert Smalls aliijua njia hii kwa mikono yake. Alizaliwa Beaufort tarehe 5 Aprili 1839, mama yake, Lydia, akiwa mtumwa wa nyumbani wa familia ya McKee. Akiwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akashuka bandarini na huko akabaki: kupakia, kufunga kamba, kushona matanga, mwisho usukani. Mshahara ulikwenda kwa bwana wake, yeye akabakiziwa kidogo. Alimwoa Hannah, mfanyakazi wa hoteli, mtumwa wa mtu mwingine. Alipotaka kumnunua mkewe na binti yake aliambiwa bei ni dola 800. Alikuwa amefanikiwa kuweka 100.

Vita vilipoanza akapangiwa kwenye Planter, meli ya moshi yenye magurudumu ubavuni, iliyojengwa hapahapa kubeba pamba. Ilipakia robota 1,400. Jeshi la Kusini liliikodi, likaifunga mizinga miwili, ikawa chombo cha Jenerali Ripley cha kupeleka barua, askari na silaha kutoka ngome hadi ngome. Smalls ndiye aliyekuwa akiiongoza kwenye mikondo na mafungu ya mchanga.

Hapa kuna jambo linaloniuma kuliko kiasi, labda kwa sababu ni mtoto wa sukani. Kazi ya mtu yule ni urubani. Kwetu, kabla neno hilo halijapaa angani na ndege, rubani alikuwa mtu wa bahari, yule anayejua kina cha maji asiyoyaona. Lakini Charleston cheo cha rubani kilikuwa cha wazungu. Mtumwa aliyefanya kazi ileile aliitwa mshika gurudumu, basi, kana kwamba gurudumu lilijiongoza na yeye aliliegemea. Walimnyima jina, lakini kazi hawakuweza kumnyima kwa kuwa waliihitaji kila siku. Kila siku walimpitisha mbele ya ngome zao. Alisikia jinsi honi inavyopigwa ili kuomba njia, akaona namna nahodha anavyosimama dirishani na mikono anavyoikunja. Waliona wanamtuma tu.

Juu ya kuta za Sumter nilisimama upande unaotazama mji. Mlinzi wa ngome alinionyesha mahali meli zilipopita. Pako karibu. Mtu akiwa na macho mazima angeweza kutofautisha kofia na kofia.

Nimelala saa mbili usiku. Kengele nimeiweka saa nane.

Tarehe 13 Mei, kabla ya alfajiri

Saa nane na nusu nilikuwa nimekwisha fika kwenye ukuta wa bahari wa East Battery. Hakuna mtu isipokuwa kijana mmoja na mbwa wake. Mwezi umeinama upande wa Mto Ashley, mweupe, na ukuta wote unaonekana jiwe kwa jiwe. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho, harufu ya tope imepanda, chaza wamechomoza miguuni pa ukuta. Nilikaa kuangalia. Kitambo kidogo baada ya saa tisa povu lililokuwa limesimama likaanza kwenda, taratibu, kuelekea mjini. Maji yanajaa.

Nikaelewa ndipo alichokuwa akiniambia Baba. Mwezi ule wa 1862 ulikuwa na umri karibu sawa na huu, na bandari hii, mwezi ukiwa mpevu, hujaa asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Maana yake walipong'oa nanga maji yalikuwa yamekwisha geuka na kuwaelekea. Bamvua linaingia na wao wanatoka. Hakuna nahodha wa kwetu ambaye angechagua saa ile, wala mwezi ule.

Lakini hawakuchagua wao. Siku ile, tarehe 12, Planter ilikuwa imerudi na mizinga minne iliyong'olewa Coles Island, ikiwa njiani kupelekwa kwenye boma jipya la bandarini. Ilifungwa gati la Southern Wharf, karibu na makao makuu ya Ripley mwenyewe. Nahodha Relyea na wasaidizi wake wawili, wazungu wote watatu, wakaenda kulala mjini, kinyume cha amri. Mabaharia weusi wakaachiwa meli. Walikuwa wakiusubiri usiku kama huo kwa wiki kadhaa, na ulipokuja ukaja na mwezi wake na maji yake.

Saa tisa usiku John Small na Alfred Gourdine, mafundi wa mitambo, wakawa na moshi tayari. Smalls akavaa kofia pana ya majani ya Relyea. Bendera zikapandishwa. Mlinzi wa gatini akaiona Planter inaondoka, akadhani ni kazi ya alfajiri.

Nimeikariri sehemu inayofuata, na bado nikiifikia nashika kifua. Hawakwenda baharini. Walielekea ndani, kuuacha mlango wa bandari nyuma yao, wakapanda kidogo Mto Cooper hadi gati la North Atlantic, ambako Hannah, watoto na wengine walikuwa wamefichwa kwenye chombo kingine. Ukiwa mtoro, kila dakika ina bei. Wao walizitumia kurudi nyuma kuchukua wanawake na watoto. Nilitembea njia hiyo kwa miguu, kaskazini kufuata mto, nikihesabu muda. Ni umbali wa kutembea tu. Kwa meli yenye honi na moshi, mbele ya mji uliolala nusu jicho, sijui kama kuna safari ndefu kuliko hiyo.

Walipogeuza omo kuelekea baharini walikuwa watu 16: wanaume 8, wanawake 5, watoto 3. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakigunduliwa wataizamisha meli, na ikishindikana watajitupa majini wakiwa wameshikana mikono. Watoto pia. Robert mdogo, mtoto wa Hannah, alikuwa bado wa kubebwa.

Wakapita Fort Johnson, honi ikapigwa. Kisha Sumter. Maji yaliwapunguzia mwendo, na mchana huko mwezi Mei hauchelewi: jua huchomoza kama saa kumi na moja kwa saa za wakati ule, na wao walifika chini ya ukuta saa kumi na nusu. Mbingu zilikuwa zinaanza kuwa na rangi. Wengine walimsihi apite mbali na ngome. Smalls akakataa, kwa kuwa nahodha Relyea hapiti mbali. Akasimama dirishani kama Relyea, mikono amekunja, kofia imeshuka usoni, akavuta honi: mbili ndefu, moja fupi. Mlinzi wa Sumter akaitoa ruhusa.

Wakapita. Badala ya kukunja kuelekea Kisiwa cha Morris, wakanyoosha. Ngome ilipotanabahi, mizinga haikuweza tena kuwafikia.

Kulikuwa na ukungu. Manowari Onward, ikiongozwa na Luteni Nickels, iliona meli ya adui inaijia ikageuza ubavu na kufungua mizinga. Smalls alikuwa ameshusha bendera za Kusini na kupandisha shuka jeupe, ambalo Hannah alilibeba kutoka hotelini alikofanya kazi. Kwenye ukungu shuka halionekani upesi. Mtu mmoja wa Onward aliliona kabla ya amri ya kufyatua. Miaka yote Hannah alizitandika shuka hizo kwa ajili ya wageni wa watu.

Saa kumi na mbili na nusu hivi jua lilitoka, kushoto kwa Sumter, maana saa za siku hizi zimesogezwa mbele. Ngome ikawa kipande cheusi. Mvuvi mmoja alikuja na ndoo, akaniuliza kama nimepoteza kitu majini.

Tarehe 13, mchana hadi usiku

Nilioga, nikaondoka bila kulala. Nilitaka nifike Port Royal siku hiyohiyo, kwa kuwa nao waliletwa huko siku hiyohiyo, wakaingia kama saa nne usiku.

Port Royal haikuwa mahali pa bahati nasibu. Tarehe 7 Novemba 1861 manowari za Kaskazini zilipiga ngome za mlango wa bandari ile, na wenye mashamba wa visiwani wakakimbia. Watumwa wapatao 10,000 wakabaki, mashamba mikononi mwao na mabwana hawapo. Wenyeji waliiita siku hiyo Siku ya Mizinga Mikubwa. Toka hapo, kwa kila mtumwa wa pwani hii, uhuru ulikuwa na dira yake, ukawa mahali unapoweza kufika kwa kasia.

Barabara namba 17 inakata mabwawa na mito. Nilisimama daraja la Combahee, linaloitwa sasa kwa jina la Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa akarudi kuwatorosha wengine. Juni 2, 1863, meli za moshi zilipanda mto huu usiku, Tubman akiwa ndiye aliyeandaa wapelelezi na akiwa ndani, zikarudi na watu zaidi ya 700. Walikuja mbio kutoka mashamba ya mpunga, na vyungu vya wali vikiwa bado vya moto vichwani, watoto wananing'inia shingoni. Ni mabwawa matupu sasa, na kongoti mmoja mweupe.

Saa nne usiku nilikuwa ufukweni Port Royal. Mbu wengi. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye majani. Du Pont, mkuu wa manowari za Kaskazini za pwani hii, alimpokea Smalls hapa, akaandika kwa wakubwa wake kwamba habari alizoleta ni za thamani kubwa. Na zilikuwa hivyo. Pamoja na mizinga alileta kitabu cha ishara za adui, na habari kwamba Coles Island imeachwa wazi. Wiki chache baadaye Bunge likapitisha zawadi, na fungu la Smalls likawa dola 1,500.

Nililala na viatu.

Tarehe 14 Mei, Beaufort

Nyumba iliyokuwa ya akina McKee, Prince Street namba 511, ni kubwa, nyeupe, imezungukwa na miti inayoning'iniza ndevu za kijivu. Nyuma yake ndipo alipozaliwa Smalls, kwenye kibanda cha watumwa. Vita vikiwa bado vinaendelea, serikali ikaipiga mnada kwa kodi isiyolipwa, naye akainunua. Sasa ni ya watu binafsi, nikaitazama toka njiani na kuondoka.

Kwenye Kanisa la Tabernacle Baptist, mtaa wa Craven, kuna kaburi lake na kichwa chake cha shaba. Karibu yake sasa kuna sanamu ya Tubman iliyozinduliwa 2024. Smalls alifariki Februari 1915. Kati ya usiku ule na kaburi hili kuna mambo ya vitabu vingi: alikwenda Washington Agosti 1862, na mwezi uleule ikatoka ruhusa ya kuandikisha wanajeshi weusi hadi 5,000 huku visiwani. Alikaa kwenye mkutano wa katiba ya jimbo mwaka 1868, akapigania shule za bure kwa watoto wote. Akachaguliwa Bunge la Marekani mara tano. Mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, baada ya kutoroka.

Ila nilichomsimulia Baba kwa simu nikiwa nimeketi pale kivulini kilikuwa cha Desemba 1863. Planter, sasa ya Kaskazini, ilinaswa kwenye mfereji wa Folly Island, risasi zinatoka pande mbili. Nahodha wake mzungu akataka kusalimu amri, kisha akakimbilia kwenye ghala la makaa. Smalls alijua kwamba mabaharia weusi wakikamatwa hawatahesabiwa mateka wa vita. Akashika usukani akaitoa. Nahodha akafukuzwa, Smalls akapewa meli.

Baba alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Hiyo ya kwanza, maji yalikuwaje?"

Nikamweleza nilichokiona East Battery: bamvua, linajaa, wao wanatoka.

"Na chombo cha moshi cha zamani, kizito kwa mizinga."

"Ndiyo, Baba."

"Na mchanga?"

"Kila mahali."

"Huyo ni rubani," akasema. "Nani alisema siye?"

Tarehe 15 Mei, St. Helena

Niliamka alfajiri kwenda St. Helena, kisiwa cha jirani, ilipo shule ya Penn iliyoanzishwa 1862 kwa watoto wa waliokuwa watumwa. Lakini nilikuwa nimekubaliana na mzee mmoja mvuvi wa kamba, Mgullah, anitembeze kwenye mifereji kwanza, mapema, kabla jua halijakaza.

Ndani ya chombo alikuwa na mfuko wa karanga za kuchemsha. Akaniambia bibi yake aliziita guba. Nikamwambia Wakongo husema nguba hadi leo. Alirudia neno lile mara tatu, polepole, akiangalia karanga mkononi. Baadaye hakuniita kwa jina langu tena, aliniita cousin.

Tulikwama. Alikata kona ya mfereji kabla maji hayajatosha, mkuku ukapanda fungu la mchanga na kukaa. Hakukasirika wala hakuwasha injini kwa nguvu. Akaizima kabisa, akashusha nanga ndogo, akanisogezea mfuko.

Tukala karanga. Pande zote majani marefu, na maganda ya chaza yakilia tik, tik. Nilimsimulia juu ya Baba na swali lake. Akacheka, akasema baba yake naye alikuwa hivyohivyo, na kwamba jana alipoutazama mwezi ulikuwa umeanza kumegeka, kwa hiyo leo maji yatachelewa kidogo kuliko jana. Nikampigia Baba, nikaweka simu katikati yao. Hawakuwa na lugha moja. Nilitafsiri: upepo, kina, aina ya ubao, samaki wa msimu huu. Baba akauliza tumekwama muda gani. Mzee akatumbukiza mkono majini ubavuni mwa chombo, akaacha ukae.

"Mwambie robo saa."

Saa moja na dakika arobaini asubuhi tukaelea.